Mbwa Milimani: Maandalizi ya Mwendo Mrefu Kutoka Keroka

Mwendo mrefu wa milimani pamoja na mbwa hutanguliwa na mambo matatu: chanjo, kamba na ruhusa. Mbwa awe amechanjwa, awe amezoea kuongozwa kwa kamba, na njia iwe imekubaliwa na wenye mashamba. Mazoezi, chakula na vifaa hufuata baadaye. Mahali penye nyika tupu mpangilio huu ungeweza kugeuzwa, lakini Keroka haina nyika. Mji huu umekaa juu ya mpaka wa kaunti za Kisii na Nyamira, kando ya barabara ya kutoka Kisii kwenda Sotik, katika mwinuko wa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na milima inayouzunguka hulimwa hadi kileleni. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, wastani wa watu 957 kwa kila kilomita ya mraba. Nyamira ilikuwa na watu 605,576, wastani wa 675. Anayetembea na mbwa katika milima hii hupita mlangoni pa watu kutwa nzima, kwa hiyo maandalizi yake huwahusu watu hao sawa na yanavyomhusu mbwa mwenyewe. Asipolizingatia hilo, safari huishia kwenye ugomvi wa kuku aliyeuawa au mtoto aliyeng'atwa, hata kama mbwa ana nguvu za kutembea mpaka Kericho.

Sheria nayo ina sura ya pekee hapa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa, mikononi mwa serikali za kaunti. Huduma nyingi za mifugo zilishuka huko pia. Katika mji uliogawanywa na mpaka, maana yake ni kwamba mbwa wa upande mmoja wa barabara ana ofisi yake na mbwa wa ng'ambo ana yake, na kaunti zenyewe zimevutana kwa miaka juu ya mpaka huo na juu ya nani akusanye ushuru wa soko. Mwenye mbwa huanzia kwa afisa wa mifugo wa upande anaoishi. Njia yake ikivuka mpaka, na ni nadra kupata njia ndefu hapa isiyovuka, aulize pande zote mbili kama kuna agizo lolote la kuwafungia mbwa. Sheria ya Kichaa cha Mbwa, ambayo ni Sura ya 365 ya sheria za Kenya, inaruhusu eneo kutangazwa kuwa na maambukizi na mbwa wake kuzuiwa kuzurura. Agizo la namna hiyo likiwapo, safari huahirishwa bila mjadala. Anayepanga kuvuka mpaka hadi Sotik aongeze ofisi ya tatu, ile ya Bomet.

Kuna wanaowaza kumpeleka mbwa mbali zaidi, Mlima Kenya au milima ya Aberdare. Huko hakuna nafasi: Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, haliruhusu wanyama wa nyumbani ndani ya mbuga za taifa, kwa sababu ya magonjwa yanayoweza kuhamia kwa wanyamapori na kwa usalama wa mbwa wenyewe. Msitu wa Karura jijini Nairobi huwakubali mbwa walioshikwa kwa kamba, na ni mahali pazuri pa kujifunza, lakini hauna milima. Mwenyeji wa Keroka ana bahati ya kuwa na milima halisi mlangoni pake.

Chanjo ndiyo inayostahili maelezo marefu. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi, na hakijawahi kuondoka. Makadirio ya serikali yamekuwa kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 2,000 nchini kila mwaka. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, kifo ni karibu hakika. Mpango wa kitaifa ulioanza 2014 unalenga kumaliza vifo vya binadamu ifikapo 2030, na nguzo yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote kila mwaka, kiwango ambacho mnyororo wa maambukizi hukatika. Mbwa anayesafiri hukutana na mbwa wengi kwa siku moja kuliko wale anaokutana nao nyumbani kwa mwaka. Katika kila boma huenda kuna mmoja au wawili, wengine wakiwa hawajawahi kuona sindano.

Chanjo ya kwanza hutolewa mbwa akifikisha umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Kinga huchukua wiki kadhaa kukomaa baada ya sindano ya kwanza, hivyo anayengoja wiki ya safari amechelewa. Mwezi mmoja kabla ndio muda wa chini kabisa. Kadi ya chanjo hutiwa kwenye mfuko wa nailoni na kubebwa. Ni karatasi ndogo, lakini mtu aliyekwaruzwa na jino anapouliza kama mbwa ana chanjo, kadi humtuliza kuliko kiapo. Daktari wa mifugo akishamshika mbwa huyo, amchanje pia dhidi ya distempa na pavo, magonjwa mawili yanayoambukizwa kwa urahisi na mbwa wa njiani, na ampe dawa ya minyoo wiki mbili kabla ya safari. Minyoo hupunguza nguvu za mbwa, na mayai yake hubaki katika mashamba ya watu ambako watoto hucheza.

Anayeongoza mbwa lazima ajue pia la kufanya jino likishaingia kwenye ngozi. Jeraha huoshwa mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa saa, si kwa kukisia. Sabuni huvunja utando wa nje wa kirusi, na maji hukiondoa kabla hakijafikia mishipa ya fahamu. Baada ya hapo mtu hupelekwa hospitali siku hiyohiyo, kwa mfano ile ya Mafunzo na Rufaa mjini Kisii, aanzishiwe mfululizo wa sindano. Kupaka pilipili, mafuta ya taa au majani hakusaidii chochote. Mbwa aliyeuma, akiwa anajulikana, hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima muda huo wote, hakuwa akitoa kirusi kwenye mate alipouma. Kwa hiyo kipande cha sabuni na chupa ya maji isiyonywewa ni vifaa vya lazima katika begi, mbele ya kitu kingine chochote kinachouzwa kwa ajili ya mbwa.

Si kila mbwa anafaa kuchukuliwa. Mbwa mchanga ambaye mifupa yake haijamaliza kukua huumia viungo akitembezwa kutwa. Wadogo na wa wastani wasubiri umri wa mwaka mmoja, na wale wakubwa, kama jamii ya German shepherd, mwaka mmoja na nusu. Mbwa wenye nyuso fupi hupumua kwa shida hata wakiwa wamelala kivulini, na kuwapandisha mlima ni ukatili. Mbwa wa kienyeji aliyeenea Gusii, yaani katika kaunti za Kisii na Nyamira, mwepesi, mwenye manyoya mafupi na miguu mikavu, ana umbo linalofaa kabisa kwa kazi hii, na ni makosa kumdharau kwa sababu hakununuliwa kwa bei. Jike aliye kwenye joto abaki nyumbani. Atavuta madume wa vijiji vyote viwili vya mbele na nyuma, na hakuna kamba itakayozuia vita vitakavyofuata.

Tatizo la mbwa wa kienyeji haliko mwilini. Bomani mbwa hufungwa mchana na kufunguliwa usiku alinde, na tangu utotoni amefunzwa jambo moja: mgeni abwekewe. Sasa anatakiwa apite mbele ya maboma ya wengine, yeye mwenyewe akiwa mgeni, kimya. Mafunzo haya huchukua muda mrefu kuliko mazoezi ya miguu. Huanzia nyumbani, kwa kumzoesha mkanda wa shingoni dakika chache kila siku, kisha kamba ya mita mbili hivi, kisha kutembea upande wa kushoto wa mwenyewe bila kuvuta. Baadaye hupelekwa kando ya barabara ya Kisii na Sotik akae tu, aangalie pikipiki za bodaboda zikipita, hadi zimchoshe. Hatua ya mwisho ni kupita mbele ya ng'ombe aliyefungwa kando ya njia, kuku wakichakura miguuni pake. Mbwa anapomgeukia mwenyewe badala ya kuwakodolea kuku, hupewa kipande cha nyama palepale. Mbwa asiyefikia hatua hii hayuko tayari kwa milima, hata kama ana mapafu ya kukimbia siku nzima. Mtu mmoja ashike mbwa mmoja. Anayeongoza watatu hana mkono wa kumzuia yeyote.

Mazoezi ya mwili yatengewe wiki sita hadi nane. Mwanzoni hutosha kilomita tatu au nne mara tatu kwa wiki, kisha safari moja ya wiki hurefushwa kidogokidogo mpaka ifikie kama robo tatu ya urefu wa siku yenyewe. Kuteremka kufanyiwe mazoezi sawa na kupanda, kwa kuwa mteremko ndio unaochosha mabega ya mbwa na magoti ya mtu. Ngozi ya nyayo huimarika kwa kutembea juu ya changarawe na murram, si kwa kupakwa dawa. Baada ya kila zoezi nyayo hukaguliwa. Ngozi inayong'aa kupita kawaida imeanza kulika, na mbwa hupumzishwa siku mbili au tatu. Mbwa aliyeletwa kutoka Kisumu, mji ulio kwenye mita 1,130 hivi, apewe siku chache za kuzoea hewa ya juu kabla ya kupandishwa.

Njia zenyewe huelekea sehemu tatu zenye tabia tofauti. Kaskazini-magharibi iko Manga, ukingo mrefu wa mlima unaoanguka ghafla kuelekea nchi ya ziwa. Siku isiyo na ukungu macho hufika hadi Ziwa Victoria. Huko ndiko kuliko Ngoro ya Mwaga, shimo refu lenye masimulizi mengi katika historia ya Abagusii. Mbwa asifunguliwe kamba karibu na ukingo wala karibu na shimo hilo. Kwanza ni kwa sababu ya usalama wake, na pili kwa sababu mahali hapa pana heshima yake machoni pa wenyeji. Kaskazini viko vilima vya Kiabonyoru, ambako mto Gucha huanzia kabla ya kuzunguka na kumimina maji yake ziwani. Njia za huko hupanda na kushuka mabonde yaliyojaa majani chai, na kila bonde lina kijito chake. Mashariki, barabara ikielekea Sotik, nchi hufunguka na kuwa Borabu, iliyokuwa mashamba ya walowezi kabla ya kugawiwa wananchi baada ya uhuru. Mashamba ni makubwa, yana uzio wa seng'enge, na ng'ombe wa maziwa huachwa walishe humo bila kufungwa.

Tofauti hiyo ya mwisho ni muhimu kwa mwenye mbwa. Upande wa Kisii ng'ombe yuko zizini au amefungwa kamba, na hatari ni mbwa kumsumbua ng'ombe. Borabu mambo hugeuka. Ng'ombe walio huru, hasa wenye ndama, humfuata mbwa kwa hasira, naye mbwa hukimbilia kwa mwenyewe akiwaleta wote. Wakianza kukimbia kuja, kamba huachiliwa. Mbwa ana mbio za kuwashinda, mtu hana. Borabu pia imewahi kuwa na uhasama wa wizi wa mifugo katika mpaka wake na Sotik, hivyo kundi la wageni wenye mbwa likitembea huko alfajiri au magharibi linaweza kudhaniwa vingine kabisa.

Hapo ndipo ruhusa inapoingia. Uingereza, nchi ambayo matembezi ya milimani na mbwa ni desturi ya zamani, ina njia za umma zilizochorwa kwenye ramani, na tangu 1953 ina sheria inayomwadhibu mwenye mbwa asumbuaye mifugo shambani. Milima ya Gusii haina njia rasmi za matembezi. Zilizopo ni vijia vya kwenda mtoni, shuleni, kanisani na kwenye vituo vya kununulia majani chai, na vingi hupita ndani ya ardhi yenye hatimiliki ya mtu. Ukarimu wa wenyeji ndio unaoviweka wazi. Njia hutembelewa kwanza bila mbwa. Mwandalizi huzungumza na naibu wa chifu na wazee wa Nyumba Kumi wa kila kijiji, awaeleze siku, idadi ya watu na idadi ya mbwa, na aulize ni boma lipi lina mbwa mkali na ni wapi pamewekwa sumu ya panya au dawa ya kunyunyizia. Mara nyingi mzee aliyeombwa ruhusa hutoa pia kijana wa kuongoza njia. Huyo alipwe ipasavyo.

Siku ya safari nayo huchaguliwa kwa kuwafikiria watu hao. Jumamosi asubuhi njia hujaa waumini wa Kiadventista wakiwa na watoto na nguo safi, na mbwa mwenye tope hafai kuwapita. Jumapili kuna Wakatoliki na wengine. Siku za soko la Keroka bodaboda ni nyingi mno. Siku ya kazi isiyo ya soko, wakati wa muhula wa shule, ndiyo yenye njia tulivu zaidi kuanzia watoto wakishaingia darasani.

Kuhusu msimu, mvua ndefu za eneo hili huanza kama Februari au Machi na kuendelea hadi Juni, na zile fupi hunyesha kutoka Septemba hadi mapema Desemba. Julai na Januari huwa na ukavu wa kiasi, na ndiyo miezi ya kutembea. Neno kiasi lizingatiwe, kwani hakuna mwezi ambao Keroka haiwezi kupata mvua. Udongo mwekundu ukilowa huteleza kiasi kwamba mtu mzima huteremka akiwa amekaa. Katika ukavu nako kuna funza, ambao hupenda vumbi na humwingia mbwa nyayoni sawa na wanavyomwingia mtu.

Hatari kubwa kuliko mvua ni radi. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda juu ya nyanda hizi wakati jua limekwisha kupasha ardhi, hukutana na pepo za mashariki, na kufikia alasiri mawingu meusi huwa tayari, mara nyingine yakiwa na mvua ya mawe. Radi imeua watu na mifugo wengi katika nchi ya Gusii. Ratiba yoyote ya milimani inapaswa kumtoa mtu kileleni kabla ya saa nane mchana. Sauti ikisikika ndani ya sekunde 30 baada ya mwanga wa umeme, dhoruba iko ndani ya kilomita 10 hivi na ni wakati wa kushuka. Vichaka vya blugamu vilivyojaa vilele vya huku si mahali pa kujikinga. Mbwa wengi huogopa ngurumo na kuchomoka mkandani, kwa hiyo mkanda wa shingo hukazwa mapema, ukiacha nafasi ya vidole viwili tu.

Muda wa safari hukadiriwa kwa kanuni ya mpanda milima wa Scotland, William Naismith, aliyoitoa mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita tano za mlalo, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 24 yenye jumla ya mita 900 za kupanda itachukua kama saa nne na dakika 48 za mwendo pamoja na saa moja na nusu za mlima, yaani saa sita na dakika 18. Kwa mbwa huongezwa dakika 10 za mapumziko kila saa, na kwa Gusii huongezwa muda wa salamu, kwani kumpita mzee bila kumwamkia bwakire na kusimama kidogo ni utovu wa adabu, zaidi kwa mwenye mbwa. Jumla hukaribia saa nane. Kundi linaloondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likichomoza, litakuwa limemaliza sehemu za juu kabla ya mawingu na litafika chini kukiwa na mwanga. Mwendo wa kutoka Keroka hadi Manga, au hadi Kiabonyoru na kurudi, ugawanywe kwa siku mbili, na mahali pa kulala paafikiwe mapema pamoja na mahali pa kumfunga mbwa. Kurudi kwa matatu kusitegemewe bila kuafikiana na dereva kabla ya siku hiyo.

Mbwa hana jasho la mwili mzima kama binadamu. Hupoza damu yake kwa kuhema, na kidogo kupitia nyayo. Ndiyo sababu mtu hujisikia vizuri katika mwanga wa saa nne asubuhi ilhali mbwa wake ameanza kulemewa. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2 za Selsiasi. Likipita 41 yuko hatarini kufa. Dalili huja kwa mpangilio: kuhema kusikokoma hata akisimama, ulimi mpana na mwekundu sana, mate mazito, kuyumba. Huwekwa kivulini, humwagiwa maji ya kawaida mwili mzima, hupepewa na hupewa maji kidogokidogo, kisha safari yake imekwisha kwa siku hiyo. Asilazimishwe kunywa akiwa hajitambui.

Mbwa wa kilo 20 huhitaji karibu lita moja ya maji kwa siku akiwa amepumzika, na angalau maradufu akitembea milimani. Gusii ina maji mengi, lakini chemchemi zilizojengewa ni za kunywa watu. Mbwa kuinamisha mdomo pale ambapo akina mama na watoto wanakinga mitungi ni kosa ambalo kijiji hakitalisahau. Hufungwa mbali, maji hukingwa kwenye sufuria yake na kupelekewa. Maji ya mitaro iliyo chini ya mashamba yaliyonyunyiziwa dawa yaepukwe kabisa.

Chakula ni kile alichokizoea, kiongezwe kwa theluthi hivi siku za mwendo mkali. Ugali uliopikwa na omena hubebeka vizuri, hauharibiki kwa siku moja na una mafuta na protini za kutosha. Mlo mdogo hutolewa saa tatu kabla ya kuondoka, na mlo mkubwa jioni baada ya mbwa kupumzika saa nzima. Mbwa mwenye kifua kirefu akila sana kisha akakimbia, tumbo linaweza kujaa gesi na kujipinda, hali inayoua kwa saa chache. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Makadamia, ambayo siku hizi hupandwa mashambani, hulegeza miguu ya nyuma ya mbwa na kumtapisha, na vitunguu, chokoleti na zabibu kavu ni sumu kwake. Mbwa aliyekomaa na aliyezoezwa anaweza kubeba asilimia 10 ya uzito wake, kilo mbili kwa yule wa kilo 20, mzigo ukiwa umesawazishwa pande zote mbili za mgongo. Zaidi ya hapo ni kumwonea.

Mfuko wa dawa hauhitaji kuwa mkubwa. Bandeji mbili, pamba, dawa ya aidini, kibano, mkasi, na leso nzito inayoweza kumbeba mbwa kama machela, watu wawili wakishika pembe zake. Mbwa mpole kuliko wote huuma akiwa na maumivu, hivyo mdomo hufungwa kwanza: bandeji huzungushwa mara mbili juu ya pua, huvukishwa chini ya taya, kisha hufungwa kisogoni nyuma ya masikio kwa fundo la kufunguka haraka. Mbwa anayetapika au anayehema kwa joto hafungwi mdomo hata kidogo. Akiingia kwenye siafu, hutolewa mbali kwanza na kuokotwa wadudu mmojammoja, kuanzia puani na machoni. Karibu na mizinga ya nyuki mbwa asiruhusiwe kubweka wala kuchakura, na wakichokozwa, kukimbia ndiyo dawa pekee. Aliyeumwa na nyoka hubebwa, hatembezwi, na jeraha halichanjwi wala kufungwa kwa kamba ya kukaza.

Kila mapumziko, na kwa makini zaidi jioni, mbwa hukaguliwa kupe. Vidole hupitishwa kinyume cha manyoya: ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingo, kwapani, kwenye mapaja na kati ya kila kidole cha mguu, ambako kupe mdogo hufanana na punje ya uwele. Kibano humshika pale kichwa kinapoingia kwenye ngozi, si tumboni, kisha huvutwa moja kwa moja bila kuzungushwa. Kumpaka mafuta ya taa au kumchoma humfanya atapike ndani ya jeraha, na matapishi hayo ndiyo yanayobeba ugonjwa. Dawa ya kupe kutoka duka la agroveti hupakwa siku chache kabla ya safari, kwa kipimo cha mbwa. Ile ya kuogeshea ng'ombe ikitumiwa kwa kukisia inaweza kumuua.

Njiani kanuni ni chache na hazina msamaha. Kamba hushikwa fupi mbele ya kila boma, shule na kituo cha majani chai, na mwenye mbwa husimama upande wa watu, mbwa akiwa upande wa nje. Bodaboda ikisikika, kundi hutoka njiani na mbwa huketishwa. Wachumaji chai wanaopita na vikapu vyao asubuhi hupewa njia yote. Kinyesi cha mbwa huchimbiwa shimo, hakiachwi kati ya mistari ya chai ambako mikono ya watu itapita kesho. Kuku akiuawa, bei yake hulipwa papo hapo kwa mwenyewe, pamoja na pole, na jambo hilo huelezwa kwa mzee wa kijiji kabla ya kuondoka.

Safari ikiisha, mbwa huoshwa tope, nyayo hukaushwa na kukaguliwa, na hupewa siku mbili za mapumziko kabla ya kutembezwa tena. Jeraha lolote la kung'atwa na mbwa asiyejulikana huoshwa kwa sabuni kama la mtu, na daktari wa mifugo huitwa atoe chanjo ya nyongeza hata kama kadi haijapita mwaka. Homa za kupe huchelewa kujitokeza. Kwa wiki tatu baada ya kurudi, mwenye mbwa huangalia hamu ya kula, rangi ya ufizi na rangi ya mkojo. Ufizi uliopauka, mkojo wa kahawia, au mbwa anayelala akikataa omena, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo, na daktari aelezwe njia aliyopita na tarehe aliyopita.